Dumu Chini ya Kitanda

Miaka mitatu nililala juu ya petroli. Sitanii. Kwetu ni nje kidogo ya Bariadi, upande wa barabara ya Lamadi, na mayu alikuwa akiwauzia bodaboda petroli ya chupa. Chupa tatu mezani kando ya barabara, dumu la lita 20 chini ya kitanda changu, maana sebule ilijaa magunia ya pamba. Petroli hiyo ndiyo iliyonilipia shule, kwa hiyo nisingeweza kulalamikia harufu.

Kidato cha tatu ndipo nilipoelewa nalalia nini. Tunasema nguvu imo ndani ya petroli, kama asali kwenye mzinga. Kumbe hiyo ni nusu ya habari. Petroli ni kaboni na haidrojeni zilizoshikana. Zikipata oksijeni na cheche, zinaachana na kwenda kushikana na oksijeni kwa nguvu zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayotoka kama joto. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Kwenye pikipiki mvuke huo unawashwa na plagi, gesi ya moto inasukuma pistoni, mnyororo unavuta tairi, umefika Dutwa. Lita moja ina takribani megajuli 34, zaidi ya chakula cha mtu mzima cha siku tatu, ila sehemu kubwa inaishia kuwa joto tu. Aliyewahi kuunguzwa mguu na ekzosi ya bodaboda hahitaji kufundishwa.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba petroli haisubiri injini. Inatoa mvuke hata usiku wa baridi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Hewa ilikuwepo. Na kibatari tulikuwa tunakiweka chini, karibu na mlango.

"Mayu, hii kitu itatuua."

"Mbona siku zote haijawaka, mwanangu? Au ni hiyo kemia yako?"

Sikuwa na jibu. Kweli, ilikuwa haijawaka. Nikaishia kukaza kifuniko kila jioni, na kibatari nikakipandisha juu ya kabati.

Kisha ikaja tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakaenda kuchota kwa madumu kama letu, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Tulisikia redioni, mayu akiwa anapeta dengu. Hakusema neno, ungo tu ndio ulisimama.

Jioni nilikuta dumu limehamia kwenye banda la kuku, nyuma ya nyumba. Kuku wenyewe wamefungiwa jikoni. Kesho yake alfajiri chupa tatu zilikuwa mezani kama kawaida, ada ya muhula bado inadaiwa.

Harufu ilibaki kwenye godoro mpaka namaliza kidato cha nne.