Uboho wa Pasiansi hauuzwi buchani

Wiki hii miguu yangu ilinifikisha Pasiansi. Kwa wasiokujua, ni Ilemela, njia ya kwenda Airport ya Mwanza. Unashuka daladala, unakutana na mawe makubwa yamebebana kama yamepangwa na mtu mwenye hasira, na upepo wa ziwa unakupepea bure. Hapa ndipo kilipo kile chuo cha askari wa wanyamapori, kilichoanza mwaka 1966, vijana wanafundwa kupambana na majangili.

Mimi sikufuata majangili wala sato. Nilimfuata dada yangu. Ila njaa haina adabu, nikapitia kwanza kwenye kibanda cha supu. Makongoro, ya kula, siyo ile barabara! Jamaa wa pembeni alikuwa anagonga mfupa kwenye sahani uboho utoke. "Mshikaji, nguvu zote zimo humu," akaniambia. Nikacheka. Kumbe nilikokuwa naenda stori ni hiyohiyo.

Dada ana binti wa miaka 9 mwenye selimundu, wengi tunaita siko seli. Usiku wa mvua na baridi ya ziwa, dada halali. Mtoto anashika miguu, analia mifupa inauma. Siyo yeye peke yake. Inakadiriwa kila mwaka watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania, na huku Kanda ya Ziwa tumo haswa.

Daktari alimweleza dada hivi: uboho, wenyewe wanaita uloto, ndicho kiwanda cha damu. Cha huyu mtoto kinatoa chembe zilizopinda kama mundu. Dawa kali zinaweza kukifuta kiwanda hicho, kisha uloto wa mtu mzima wa afya ukaingizwa kwa mshipa, kama anavyoongezewa damu. Zamani ukisikia hivyo unawaza India. Sasa Muhimbili walianza kupandikiza mwaka 2021 kwa wenye saratani ya damu, na Benjamin Mkapa pale Dodoma wakaanza kwa watoto wa selimundu mwaka 2023. Dodoma, bwana! Unapanda basi tu.

Mimi kwa kiherehere changu nikasema, "Nitoeni mimi!" Dada akanikata maini: "Mjomba hafai sana, mdogo wangu." Anayetafutwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na hata huyo bahati yake ya kulingana kabisa ni moja kwa nne. Wazazi hulingana nusu. Inawezekana, ila hatari zake ni zaidi.

Na watu baki je? Duniani wapo zaidi ya milioni 40 waliojiandikisha kutoa, lakini wengi wao ni Wazungu. Kule Marekani mgonjwa mweupe ana bahati 79 kwa 100 ya kumpata wa kulingana naye kwenye daftari hilo, mweusi 29. Sisi Waafrika vinasaba vyetu vimechanganyika mno, na waliojiandikisha ni wachache. Sasa niambie, mtoto wa Pasiansi atampata wapi wake?

Basi tunarudi nyumbani. Kwa dada kuna watoto watatu, majirani wanajua ni tumbo moja, baba mmoja. Tuliomo ndani tunajua mkubwa ana baba yake. Anabaki kitinda mimba, miaka 5, mzima, anakimbiza kuku.

Hapo ndipo mama mkwe wa dada alipowaka. "Mnataka kumtoboa mzima kwa ajili ya mgonjwa? Nibaki na vilema wawili?"

Nikamwambia, "Mama, hawakati mfupa. Wanamlaza usingizi, sindano inaingia kwenye nyonga, atapata maumivu siku chache, na uboho unajirudisha wenyewe kwa wiki chache."

"Wewe umesomea udaktari lini?"

Kidato cha nne kikanifunga mdomo.

Dada akaongea taratibu: "Mama, leo hatutoi uboho. Tunapima damu tu. Asipolingana, ugomvi umeisha."

"Na akilingana?"

Hakuna aliyejibu. Binti alikuwa amekaa juu ya jiwe nje, anaangalia ndege ikishuka Airport, mjadala wote anausikia.

Nilipoaga, bibi alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaniuliza hospitali wanaanza kupima saa ngapi. Nikamwambia asubuhi.

"Nitakwenda nao," akasema. "Nione kwa macho yangu hiyo sindano inaingia wapi."

Msomaji, kwenu mko wangapi wa baba mmoja mama mmoja? Hesabu vizuri. Tukutane wiki ijayo.