Usimwache Yona kwa Sababu ya Samaki

Mpwa wangu,

Nimekuandikia kwa sababu ya maneno yanayozunguka hapa, kwamba siku hizi unaiita Biblia ngano za watoto, na ushahidi wako ni samaki aliyemmeza nabii Yona. Katika ukoo uliotoa wainjilisti, habari kama hii haikupaswa kunifikia kupitia watu wa nje.

Basi tumtazame huyo samaki. Kitabu cha Yona kina sura 4, naye katajwa katika mistari 3 tu. Sura nzima ya mwisho ni mabishano ya Mungu na nabii aliyekasirika kwa sababu Ninawi imesamehewa. Ninawi ulikuwa mji wa Waashuri, dola iliyoiangusha Samaria, mji mkuu wa Israeli, mwaka 722 kabla ya Kristo. Kwa Mwisraeli, huruma kwa watu wale ilikuwa chungu mno. Yona anakiri kwamba alikimbilia Tarshishi badala ya kwenda Ninawi alikotumwa, kwa kuwa alijua Mungu ana rehema na si mwepesi wa hasira, sifa zilezile alizotangaziwa Musa mlimani Sinai. Alizijua sana, ila hakutaka zimfikie adui. Ndipo Mungu anaotesha mtango wa kumpa kivuli, buu anautafuna alfajiri, jua linampiga kichwani, na nabii anaulilia mmea wa usiku mmoja. Kisha anaulizwa: mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi, usihurumiwe? Jibu la Yona halikuandikwa. Neno "rehema" ungeweza kulikariri darasani ukalala usingizi. Lakini kisa hiki kinakutaka useme kama unamkubali Mungu anayemrehemu adui yako.

Utasema kisa huvutwa kila mtu apendako. Hata amri huvutwa. Lakini anayetaka Mungu wa taifa moja hana budi kuifuta sura ya 4, na hapo kila msomaji atamwona. Utasema pia hakuna anayekaa siku 3 tumboni mwa samaki. Waumini wasomi wamebishana kama kitabu hiki ni historia au mfano, nami sigombani nawe kwa hilo, maana swali la mwisho halimtegemei samaki. Kinachoniuma ni wewe kuondoka kwa sababu ya mistari 3 kabla ya kulijibu.

Sura ya 4 uisome upya, uniandikie jibu lako, hata kama ni la kunipinga.

Mjomba wako