Kutoka Redioni hadi Cairo

Kwa watu wa rika langu, mechi ya ugenini ilikuwa kitu cha kusikia. Mwaka 1979, timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilipokwenda Ndola kutafuta nafasi ya Kombe la Mataifa ya Afrika, baba alianika betri za redio juani tangu asubuhi ili zifike dakika ya 90. Sauti ya mtangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuja na kupotea, ikamezwa na mikwaruzo, kisha ikaibuka na jina la Peter Tino. Bao! Sare ya 1-1 na Zambia ikatupeleka fainali za Lagos mwaka 1980, nazo tukazifuata kwa masikio vilevile.

Baada ya Lagos tukasubiri miaka 39. Redio ikaipisha televisheni, vibanda umiza vya kuonyeshea mechi vikajaa kila mtaa, na vijana wetu wakawa wanawajua wachezaji wa Uingereza hadi wa akiba. Timu ya taifa ikawa ya kulalamikiwa zaidi kuliko kufuatwa. Ndipo ikaja Machi 24, 2019. Tuliifunga Uganda 3-0 pale Dar, kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, na tiketi ya fainali za Misri ikapatikana. Watu wazima walilia uwanjani. Nikamwambia mke wangu: safari hii sisikilizi, naenda.

Nilitua Cairo alfajiri ya Juni 27, siku ya mechi yetu na Kenya. Kulipokucha, joto lilikuwa kali na magari yalipiga honi bila kupumzika. Shughuli ya kwanza ilikuwa kitambulisho cha shabiki, chenye picha, kwa maana bila hicho tiketi haikuingizi uwanjani. Foleni ilikuwa ndefu, na wengi wetu tulinung'unika. Mchana, nikiwa nakula koshari, yaani wali, dengu na tambi vilivyomwagiwa mchuzi wa nyanya na vitunguu vya kukaanga, mzee mmoja aliyekaa meza yangu akanieleza sababu kwa Kiingereza cha taratibu. Mwaka 2012 mashabiki zaidi ya 70 waliuawa uwanjani Port Said. Februari 2015, nje ya uwanja uleule niliokuwa naelekea usiku huo, zaidi ya 20 wa klabu ya Zamalek walikufa katika msongamano kwenye njia nyembamba ya vyuma. Kwa miaka mingi mechi za ligi zikachezwa mbele ya viti vitupu. Sikunung'unika tena.

Uwanja wa 30 Juni uko mbali, mashariki kabisa mwa jiji. Algeria ilikuwa imeifunga Senegal 1-0 hapohapo mapema jioni, na sisi tulianza saa nne usiku, saa tano kwa saa za nyumbani. Majukwaa mengi yalikuwa wazi, kwa hiyo kila neno la Kiswahili lilisikika upande wa pili. Dakika ya 6 kipa Patrick Matasi alitema shuti la Mbwana Samatta, Msuva akamalizia. Dakika ya 39 Michael Olunga akasawazisha kwa tikitaka ambayo hata sisi tuliipigia makofi. Dakika iliyofuata Samatta akaturudisha mbele, nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Kisha Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa, na dakika ya 80 Olunga tena. Kenya 3, Tanzania 2.

Tulitoka karibu usiku wa manane. Hakukuwa na basi wala teksi, na barabara ile pana ilikuwa kiza mbele na nyuma. Gari dogo la kukodi likasimama, limejaa jezi nyekundu za Kenya. "Wabongo, ingieni, tutabanana!" Walikuwa wamefurahi na sauti zimewakauka, lakini njia nzima hawakutucheka. Walituuliza tumefikia wapi, wakatushusha mmoja mmoja mlangoni. Siku ile nilielewa kwamba mtu anayeifuata timu ugenini yuko mikononi mwa watu wengine tangu anapotua hadi anapolala. Redio haikuweza kunifundisha hilo.

Sasa zamu imetufikia sisi. Agosti 2025 tulipokea CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Kenya na Uganda. Ikafunguliwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, na kufungwa Kasarani, Nairobi. Mwaka 2027 nchi hizo tatu zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika lenyewe. Mazungumzo mengi ni ya viwanja, na viwanja ni muhimu. Mimi naomba tujadili pia malango mapana, vibao vinavyosomeka na mgeni wa Dakar au Algiers, na mabasi yanayosubiri hadi shabiki wa mwisho atoke. Baba yangu alitegemea betri ili aifikie Ndola. Kwetu Afrika nzima inakuja kwa miguu yake, na wengi wa wageni hao watafungwa. Huyo aliyefungwa, aliyechoka na asiyejua njia, ndiye atakayekwenda kusimulia kwao sisi ni watu wa namna gani.