Majibu Yarudi Mtaani

Ndugu zangu wa Chang'ombe, Dar es Salaam, kila tukiongea kwenye simu huniuliza: unarudi lini? Wanamuulizia mtoto wao, na wana haki. Ila kwa anayesomea uzamivu wa epidemiolojia hapa Newcastle, elimu ya kufuatilia nani anaugua nini, wapi na kwa sababu gani, kuna swali zito kuliko hilo: majibu ya utafiti yanarudi lini?

Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha makala kuhusu vifo vya kiharusi Tanzania. Ilitokana na mradi wa AMMP, ambao Wizara yetu ya Afya iliuendesha pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle. Kati ya 1992 na 1995 walifuatilia watu 307,820 katika maeneo matatu: Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Kwa kuwa kwetu wengi hufia nyumbani, wahojaji waliwafuata wafiwa na kuwauliza ugonjwa ulianzaje na marehemu alikuwa na dalili zipi. Madaktari wakayapitia majibu hayo na kuamua sababu ya kifo.

Yaliyopatikana yanatisha hadi leo. Kwa wanawake wa Dar es Salaam wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua 88 katika kila 100,000 kwa mwaka. Wenzao wa England na Wales, kwa takwimu za 1993, hawakufika hata 9. Watafiti walihisi chanzo ni presha isiyotibiwa.

Ninapoitazama hiyo 88 namwona shangazi yangu.

"Shikamoo shangazi, presha inaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu, hamna neno. Juzi kichwa kiligonga, nikameza vidonge vyangu, kikatulia."

Vidonge huvihifadhi kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na pakiti ya mwezi mmoja humfikisha hata miezi mitatu. Presha kwa kawaida haiumi, na hapo ndipo ugumu ulipo: utamwelezaje mtu aliyezoea kumeza dawa anapoumwa kwamba hii ameze kila siku, hata akiwa mzima kabisa? Huku England mtu wa miaka 40 hadi 74, asiyejulikana kuwa na maradhi ya aina hiyo, hualikwa kupimwa kila baada ya miaka 5. Natamani sana shangazi angeupata mwaliko kama huo mapema, kabla presha haijamkuta.

Lakini maktaba yote ya hapa haiwezi kunieleza kwa nini haendi kliniki. Mimi najua. Kuna foleni ya alfajiri, kuna nauli ya bajaji, kuna maandazi ambayo asipoyakaanga asubuhi jioni hakuna mboga. Msimamizi wangu, mtu mwema na mwenye subira, hayo huyakuta kwenye majedwali yangu. Mimi nimelelewa ndani ya maisha hayo. Newcastle imenipa programu za takwimu, wakati wa kufikiri, na watu wanaonipinga kwa hoja mpaka nifikiri upya. Chang'ombe ndiko lilikotoka swali lenyewe. Nikilazimika kuchagua, nitashika swali, kwa sababu zana zinahamishika.

Ndiyo maana naupenda utaratibu ambao MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, imeufuata kwa miaka mingi na Taasisi ya Karolinska ya Sweden: mwanafunzi huenda na kurudi, hukusanya data nyumbani, na digrii haimng'oi alikotoka. Hata hivyo, utaratibu huo nao hautoshi. Kabla ya kugonga mlango wa mtu tunatakiwa tuwe na kibali cha maadili, na kukipata si kazi ndogo. Lakini baada ya tasnifu kupita, ni wangapi wetu tunaourudia mlango ule ule? Makala inabaki kwa Kiingereza, kwenye jarida ambalo mfiwa aliyetujibu hatalishika mkononi kamwe.

Wenzangu mlioko Bergen, Basel, Boston na kwingineko, tuanzie hapo. Kabla hujarusha picha ya joho, andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zipeleke ofisi ya serikali ya mtaa ulikokusanya data, na uombe nafasi kwenye mkutano wa wananchi uwasomee mwenyewe. Kama utafiti wako ni wa presha, nenda na mashine ya kupimia.