KONGWA: HAPA RAMBO ANGECHEMSHA

Ukisikia vita vya msituni, bila shaka anakujia Rambo wa kwenye video: kifua wazi, bunduki mkononi, anafyeka jeshi zima peke yake. Basi panda basi la Dodoma, shuka Mbande, tafuta usafiri mpaka Kongwa. Rambo utamsahau.

Kwanza jua. Halafu vumbi. Hapa ndipo Mwingereza alipokuja na matrekta mwaka 1947 kulima karanga. Ukame na udongo mgumu vikamtoa nishai, mwaka 1951 mradi ukafa. Akaacha stesheni ya reli isiyo na treni.

Mwaka 1964 wakaja wageni wengine, safari hii bila mbwembwe: FRELIMO ya Msumbiji, kisha ANC, SWAPO na wenzao. Samora Machel, aliyekuwa ametoka mafunzoni Algeria, akaongoza kambi ya FRELIMO. Bunduki vijana wake walishaijua. Hapa walijenga kwa mikono yao, wakashika na jembe.

Mpiganaji na jembe wapi na wapi? Sikia. Mreno alikuwa na ndege, magari na maelfu ya askari. Ukimvaa uso kwa uso, umekwisha. Kwa hiyo mnakwenda wachache, usiku, mnapiga, mnapotea. Mnapotelea wapi? Kwa mwanakijiji! Yeye ndiye anayekulisha, anayejua njia, anayekubebea risasi. Ukimla kuku wake kwa ubabe, kesho anakuuza kwa adui. Ndiyo maana mpiganaji lazima ajue kujilisha na kuishi na watu.

Septemba 25, 1964 FRELIMO wakaanza kazi kule Chai, Cabo Delgado. Agosti 26, 1966 ikawa zamu ya SWAPO, Omugulugwombashe, Namibia. Baadhi yao walipitia Kongwa.

Somo gumu kuliko yote liliwaangukia ANC: kusubiri. Kwao mbali, na njiani wamejaa wakoloni na walowezi. Miaka inakatika, vita huioni, nyumbani hurudi. Wapo waliopata wapenzi na watoto hapa hapa. Wapo waliochoka, wakatoroka.

Afrika Kusini ilikuja kuwa huru mwaka 1994. Kabla hujaondoka Kongwa, pita makaburini. Wamo wapigania uhuru ambao siku hiyo hawakuiona. Pale, msomaji, hata mimi mwenye mdomo wangu nilinyamaza.