Wageni wa Kianjokoma Kwenye Mlango wa Mto Tana

Kianjokoma iko juu, kwenye mteremko wa kusini mashariki wa Mlima Kenya, katika kaunti ya Embu. Ni nchi ya chai na kahawa, yenye ukungu wa alfajiri na baridi inayomlazimisha mtu wa pwani kuazima koti. Ukipanda zaidi mashamba hukoma na msitu huanza. Nimekwenda huko mara kadha kumzuru rafiki yangu, mwalimu mstaafu na mkulima wa majani chai, na kila mara nililala nikisikia maji yakiporomoka bondeni. Safari hii zamu ya kuzuru ilikuwa yake. Alikuja na mkewe pamoja na jirani yao mmoja, na kwa kuwa Mombasa walikwisha kuiona, niliwaomba tusiishie Malindi bali twende hadi Kipini.

Nilikuwa na sababu yangu. Tangu Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku muguka, jina la Embu haliwezi kutajwa barazani kwetu bila neno hilo kufuatia. Simo katika kuutetea muguka. Madhara yake kwa vijana tunayaona majumbani mwetu. Lakini zao hilo hulimwa zaidi nchi ya chini yenye joto, Mbeere, na si haki kumtwika mtu mzigo usio wake. Kiko kitu kingine kinachoteremka kutoka huko usiku na mchana, wala hakuna anayekipigia kelele, nacho ni maji. Mto Rupingazi hushuka mlimani ukapita Embu, ukakutana na Thiba. Thiba nao hujimwaga katika bwawa la Kamburu, ndani ya Tana. Kisha Tana hupita Gitaru, Kindaruma na Kiambere, huizunguka nchi kavu ya Garissa na Hola, hadi Garsen, na mwisho huingia baharini hapo Kipini, baada ya mwendo wa takriban kilomita 1,000. Nilitaka mwalimu auone mwisho wa maji anayoyaona yakianza.

Tulifika kwa njia ya Garsen na Witu, tukalala. Asubuhi nahodha wetu, Mbajuni mtu mzima asiye na maneno mengi, alitutaka tusubiri maji yaanze kujaa. "Tutapanda nayo na kushuka nayo," alisema. "Mafuta ni ghali." Mke wa mwalimu hakuwa amepata kupanda chombo maishani mwake. Akauliza kina cha maji ni kiasi gani. Nahodha alimvisha kwanza jaketi la kuokolea, akakaza kamba zake, ndipo akajibu: "Mama, kina si neno. Neno ni kukaa pale nilipokuweka."

Mashua iliuacha mji nyuma, na mikoko ikatupokea pande zote mbili. Furaha ya safari hii ni utulivu wake. Hakuna mawimbi, na injini ikizimwa husikii ila ndege na samaki wanaoruka. Viboko watatu walituchungulia kwa macho na masikio tu, na jirani, aliyekuwa akizungumza tangu Malindi, alinyamaza kimya. Nahodha alitueleza kuwa mto huu haukuwa Tana zamani. Ulikuwa Ozi, mto mdogo. Tana ilikuwa na mlango wake mwingine kusini zaidi. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili ili vyombo vipite, na mafuriko yakaupanua mfereji hata mto mkubwa ukahamia kwa mdogo.

Kijijini Ozi tulishuka, tukasali Adhuhuri, wageni wetu wakipumzika chini ya mwembe. Mzee mmoja Mpokomo alitukaribisha barazani kwake, na mwalimu, kwa fahari, akatoa pakiti ya chai ya kwao. Ilipopikwa akanywa funda moja, akakitazama kikombe. Ilikuwa na chumvi.

"Ndiyo maji yetu haya," mzee alisema. Alitueleza jinsi wazee wake walivyolima mpunga bila pampu wala mashine: bahari ikijaa, huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, nayo hupanda kwenye majaruba, ikipwa, hurudi. Hesabu yote ilikuwa ya mwezi na bamvua. Lakini hila hiyo yataka mto wenye nguvu. Mto ukinyong'onyea, bahari haisukumi tena maji matamu, huingia yenyewe, na shamba lililokunywa chumvi halisahau upesi. Mabwawa yako juu, kilimo cha umwagiliaji kiko juu, ukame nao una lake. Mwaka 2012 delta hii iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Heshima hiyo ni njema, ila haipunguzi chumvi majarubani.

Jirani aliteremka ukingoni akachota tope, akalisugua viganjani. "Udongo huu mwekundu naujua," alisema, wala hakusema zaidi.

Mzee akamgeukia mwalimu. "Mvua imenyesha kwenu?"

Mwalimu alimpigia simu mwanawe. Imenyesha siku mbili mfululizo, akajibiwa.

"Basi yako njiani," mzee alisema. "Wakiyaachilia kule mabwawani, yatanikuta mbegu ningali nazo."

Tulishuka na maji ya kupwa, tukashinda alasiri mchangani Kipini tukila samaki wa kuchoma kwa ndimu, si mbali na kaburi linalosemekana kuwa la Fumo Liyongo. Mke wa mwalimu alivua viatu, akasimama pale maji ya kahawia yanapokutana na ya buluu, akakataa kutoka. Jirani alitangaza kuwa akirudi ataikata mikaratusi yake yote iliyo kando ya kijito. Mwalimu akacheka, ahadi hiyo ameisikia miaka mitatu.

Juma lililopita mwalimu alinipigia kuuliza kama maji yamefika Ozi. Nimempelekea nahodha salamu amuulize mzee. Sijapata jibu.