Mwalimu Wao Hutoka Nje ya Ukuta

Bastøy ni kisiwa kilicho karibu na mji wa Horten, kwenye ghuba ya Oslofjord nchini Norway. Ukikipanda kivuko cha kwenda huko, baadhi ya mabaharia utakaowakuta kazini ni wafungwa. Kisiwa kizima ni gereza la wazi la watu wapatao 115, wakiwemo waliopatikana na hatia ya mauaji, na hakina ukuta. Wanaishi kwenye nyumba za mbao, wanafuga ng'ombe, kondoo na farasi, wanalima mboga, wanakata miti kwa misumeno ya injini. Usiku hubaki maafisa wachache tu.

Nikiwasimulia ndugu zangu Kenya, jibu huwa moja: hiyo si jela, hao wamepelekwa likizo, na isitoshe Wanorwe wana pesa. Naelewa hasira iliyo nyuma ya maneno hayo, hasa kwa mtu aliyewahi kuvunjiwa nyumba. Lakini hakuna anayepewa Bastøy siku ya hukumu kwa sababu ya sura yake. Aliyefungwa miaka mingi kwa kawaida huanzia gereza lenye ukuta, kama lile la Halden lililofunguliwa mwaka 2010. Akishaaminika huomba kuhamishwa, na akikutwa na dawa za kulevya au akijaribu kutoroka, anarudishwa nyuma ya ukuta. Kuhusu pesa, gereza la wazi ndilo la bei nafuu, kwa kuwa halihitaji maafisa wengi wa kulinda milango.

Wageni wengi huwashangaa ng'ombe na farasi wa kisiwani. Mimi sioni ajabu hapo, maana kazi gerezani tunayo tangu zamani. Kwa miaka na mikaka nambari za magari ya Kenya zimetengenezwa na wafungwa wa gereza la Kamiti. Magereza yetu yana karakana za useremala na ushonaji, na wafungwa hufanya mitihani ya ufundi ya serikali na ile ya shule. Kamiti imetoa hata watu waliosomea sheria kupitia Chuo Kikuu cha London. Moody Awori alipokuwa Makamu wa Rais, mageuzi aliyoyasimamia yaliingiza magodoro na televisheni mle ndani, na wengi wetu bado tunamkumbuka kwa hilo. Kusema Kenya haina programu ni kuwakosea haki maafande wanaofundisha wakiwa na vifaa haba.

Tofauti yetu na Norway iko kwa yule anayefundisha. Miaka ya 1960 ikielekea mwisho, mtaalamu wa elimu ya uhalifu Nils Christie alipendekeza kwamba magereza ya Norway yasiwe na walimu wao, madaktari wao wala wakutubi wao. Wote watoke nje, kwenye taasisi zilezile zinazomhudumia raia mwingine yeyote. Ndivyo ilivyo leo. Shule iliyo gerezani ni ya mkoa, daktari ni wa manispaa, na mwalimu haripoti kwa mkuu wa gereza. Jioni anarudi nyumbani, asubuhi anaingia tena, na mfungwa anabaki mwanafunzi wa mkoa. Siku ya kutoka, kuna watu wa nje ambao tayari wanamjua kwa kazi yake.

Utafiti wa nchi za Nordiki wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba nchini Norway, takriban asilimia 20 ya walioachiliwa walihukumiwa upya ndani ya miaka miwili. Sipendi namba hiyo inavyopeperushwa kama bendera, maana Norway hufunga pia watu wengi kwa makosa madogo, hata ya barabarani. Hata hivyo, ni watu wengi walioondoka bila kurudi.

Kijijini kwetu Kenya kuna jirani aliyejifunzia useremala jela. Mikono yake sina shaka nayo: milango ya nyumba ya mama ameitengeneza yeye. Lakini kila mwajiri aliyemwendea alimdai cheti cha maadili mema, na kikitoka kinaonyesha hukumu yake. Serikali ileile iliyompa ujuzi inampa pia karatasi inayomzuia kuutumia. Nikiwaza hilo huwa nakosa usingizi.

Tangu ugatuzi, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti, ilhali magereza ni ya serikali ya kitaifa. Mgawanyo wetu basi unafanana na wa Norway, na hatuhitaji kununua kisiwa. Kaunti iisajili karakana ya gereza kama darasa la chuo chake, ipeleke mwalimu wake, na mfungwa akitoka kabla ya kumaliza, aendelee na masomo kwenye chuo hichohicho upande wa pili wa ukuta. Magavana na wawakilishi wa wadi hupita hapa Ulaya kila mwaka katika ziara za mafunzo. Nawaomba waongeze kituo kimoja kwenye ratiba: waende Horten, wapande kile kivuko, waulize mwalimu analipwa na nani.